Chuma cha Lupunga

Jumamosi, 3 Juni 1995

Mwalimu Anselim amerudi kutoka Bagamoyo na mke wake Digna. Walikaa siku nne tu, lakini anatembea kama mtu aliyezunguka dunia. Nyumba yao inatazamana na yetu hapa Viwanja Sitini, Ifakara, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Ameleta picha kumi na mbili na kipande cha jiwe la matumbawe. Anasema kilianguka chenyewe kutoka kwenye ukuta wa magofu. Mawe ya wenzetu huanguka yenyewe.

Mwalimu Mkuu amelitengea jiwe hilo kabati la kioo ofisini, ili Afisa Utamaduni akija mwezi huu alione. Mimi nimefundisha historia katika shule yetu miaka ishirini na mitatu. Kabati lilelile niliwahi kuliomba la kuwekea ramani, nikaambiwa ni la vikombe vya michezo.

Digna amekaa jikoni na mke wangu Agnella tangu saa tisa, akimsimulia mawimbi. Alipoondoka, Agnella aliendelea kupepeta mchele. Kisha akasema kwamba naye, kabla hajazeeka, angependa kwenda kuyaona maji.

Nimelielewa fumbo. Tarehe kumi na tatu tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Siku ya harusi nilimwahidi bahari, mbele ya mashahidi, ambao wengi wao sasa ni marehemu. Lakini bahari iko mbali, na huko Anselim ameshafika. Hakuna heshima katika kufika wa pili.

Hata hivyo tuna mto Kilombero. Mto una ukingo. Ukingo ni nini kama si pwani iliyokosa chumvi?

Na kuna jambo jingine, ambalo naliandika hapa tu. Juzi sokoni Agapiti, muuza kambale, aliniambia kwamba ng'ambo ya mto, mahali panapoitwa Lupunga, kuna chuma kinene kimesimama kwenye nyasi, kina tundu katikati. Lupunga ni mahame. Watu walihamishwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Agapiti hajui chuma ni cha nani. Mimi najua. Chuma kinene chenye tundu ni mtutu wa mzinga wa Wajerumani.

Mpango: likizo ya gari, mume na mke, kando ya mto. Agnella atapata maji. Mimi nitapata mzinga. Jiwe la Anselim litarudi kuwa jiwe.


Jumatatu, 5 Juni

Nimemwambia Agnella kuhusu likizo. Alikuwa anasugua sufuria. Nilipotaja Lupunga aliiweka chini. Akauliza kama nimesema Lupunga. Nikasema ndiyo, ndiyo zawadi yake ya jubilei. Machozi yakamlengalenga. Akauliza nimewazaje jambo kama hilo. Nikamjibu kwamba mwanamume huwaza mengi kimyakimya. Akanishika mkono. Mara ya mwisho kunishika mkono ilikuwa siku ya kipaimara cha binti yetu Rosa, na siku hiyo alikuwa ananizuia nisihutubie.

Sikujua kwamba mke wangu anapenda historia kiasi hicho.

Jioni nimemkuta anafungasha. Jembe dogo, panga, mfuko wa chokaa na brashi. Nilishangaa kidogo, halafu nikaelewa. Ameamua kuwa msaidizi wangu wa utafiti bila hata kuambiwa. Jembe la kuchimbua, chokaa ya kuwekea alama. Nimemwomba asimwambie mtu yeyote tunakokwenda. Amekubali. Amesema tutamshangaza Jofrey tukirudi. Sijui Jofrey anaingiaje, ila gari ni lake.

Jofrey ni mdogo wake Agnella, ana mashine ya kukoboa mpunga kule Katindiuka na pikapu moja ya buluu. Nimekwenda kwa baiskeli kumwomba. Aliuliza kama nina leseni. Nikamwonyesha jalada. Ndani ni leseni ya pikipiki ya mwaka 1978, lakini trekta la shamba la shule nimeliendesha misimu miwili, na trekta ni kubwa kuliko pikapu. Aliuliza tunakwenda wapi. Nikasema kando ya mto, kumpumzisha dada yake. Akasema ni jambo jema, dada yake hajapumzika tangu aolewe. Nimelipokea kama pongezi.

Ametoa maelekezo. Stata imekufa, kwa hiyo niegeshe kwenye mteremko au nitafute watu wa kusukuma. Breki ya mkono ilishaondoka. Gia ya kurudi nyuma ni ngumu, lazima uishike kwa nguvu mpaka ikubali.


Alhamisi, 8 Juni

Tumeondoka saa mbili asubuhi. Majirani walisukuma. Anselim naye alisukuma, kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika kikombe cha chai. Aliuliza tunakwenda wapi. Nikasema pwani. Akauliza pwani ipi. Gari likawaka, sikusikia zaidi.

Kivukoni tuliingia kwenye pantoni vizuri. Msimamizi alisema niweke breki ya mkono. Nikamwambia haipo safari hii. Aliniangalia, kisha akaagiza mawe yawekwe chini ya magurudumu. Nilitumia muda wa kuvuka kumweleza Agnella umuhimu wa mto huu katika vita vya Maji Maji. Alikuwa anatazama maji, anatabasamu peke yake.

Kushuka kulikuwa na ugumu. Pantoni haina mteremko. Abiria walijitolea kusukuma, akiwemo mtawa mmoja na bwana mwenye tenga la kuku. Nilikosea gia. Gia ya kurudi nyuma, ambayo kwa kawaida ni ngumu, ilikubali mara moja. Abiria walitawanyika. Kuku wawili walitoka tengani. Bwana yule aliniita jina ambalo sitaliandika. Agnella alishuka, akawaambia kitu kwa Kindamba, wakacheka wote hadi mtawa, wakasukuma upya. Nilimuuliza amewaambia nini. Amesema ni mambo ya kwao.

Kutoka Minepa hadi Lupiro mandhari ni nzuri. Watu wanavuna mpunga. Nyuma yetu milima ya Udzungwa, mbele milima ya Mahenge, katikati bonde limenyooka kama mkeka. Nilimwonyesha Agnella sehemu tatu ambazo Wajerumani walipiga kambi. Aliuliza nimejuaje. Nikasema ndiyo sehemu ambazo mtu mwenye akili angepiga kambi.

Tumelala Lupiro kwenye gesti. Nimeegesha juu ya kichuguu, kwa ajili ya mteremko wa asubuhi.


Ijumaa, 9 Juni

Baada ya Itete tuliacha barabara, tukashika njia ya kwenda mtoni. Penye njia panda Agnella alisema tufuate mivumo, ile miti mirefu kama minazi, kwenye ardhi ya juu. Nikamweleza kwamba nina ramani. Ramani nimeinakili mwenyewe kutoka kwenye atlasi ya darasa la sita, kwa penseli mbili za rangi. Akasema mivumo ile ilikuwepo kabla ya ramani. Nikamwambia katika safari kiongozi ni mmoja.

Saa tano gari lilizama kwenye tope jeusi hadi milangoni.

Nilikanyaga mafuta. Nilifikiria kutumia mlango wa nyuma wa pikapu kama ubao wa kupitia. Nilifikiria mambo mengi. Agnella alivua viatu, akatembea kuelekea kwenye mivumo, akarudi baada ya saa moja na mtu mrefu mwenye fimbo na ng'ombe wanne wa plau. Anaitwa Mayunga. Ni Msukuma, amehamia huku miaka minne iliyopita na mifugo yake. Alilitazama gari, akalizunguka, akauliza kwa upole kwa nini hatukufuata mivumo.

Ng'ombe walitutoa kwa dakika tano. Nilibaki kwenye usukani kutoa maelekezo.

Mayunga na mke wake Sayi wametupa kibanda cha kulala. Watu wakarimu, wanacheka kwa urahisi. Jioni Agnella aliazima mtumbwi wa wavuvi wa kambi ya jirani. Nilidhani ataketi katikati na kushika kingo kama mtu mwingine yeyote. Alisimama nyuma, akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, akaupeleka mtumbwi katikati ya matete kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Nyangeyange waliruka. Swala wa bondeni, sheshe, walikuwa wananywa maji ng'ambo. Mimi nilibaki ukingoni kwa sababu ya kutojua kuogelea.

Aliporudi nikamuuliza amejifunzia wapi. Akaniangalia, akasema, “Baba Rosa, wewe nawe.” Akacheka sana. Sikuelewa kichekesho, lakini sijamwona akicheka hivyo tangu sijui lini. Nikacheka pia.


Jumamosi, 10 Juni

Siku kubwa. Naandika kwa jicho moja.

Asubuhi Sayi alinisalimia mwangaluka, ndivyo kwao wanavyoamkiana. Agnella alisema leo mchana atakwenda kule kwenye mahame na Sayi, na akauliza kama nitafuatana nao. Nikasema nitawakuta hukohuko. Nia yangu ilikuwa kutangulia. Ugunduzi hauna wagunduzi wawili.

Nilimchukua Mayunga pembeni, nikamwomba anipeleke kwenye mzinga wa zamani. Akasema anaujua, uko karibu. Tulitembea nusu saa. Akanionyesha mti, na juu ya mti, mzinga. Wa nyuki. Nilikuwa nimeshapanda hatua tatu kuukagua kabla sijafahamu kwamba tunazungumzia mizinga miwili tofauti. Nyuki hawakusubiri ufafanuzi. Jicho la kushoto limefunga kabisa. Sikio moja limekuwa mawili.

Mayunga alirudi kwa ng'ombe wake. Mimi nilishuka mtoni kunawa uso, na hapo, kwa jicho lililobaki, nikakiona.

Chuma. Kinene kama paja, urefu hadi kiunoni, kimesimama wima katikati ya nyasi na kutazama maji. Kina tundu juu. Nilikisugua kwa tope na majani. Karibu na mdomo kimechongwa herufi moja, K.

K! Kaisari wa Wajerumani. Nilikaa chini kidogo. Niliwaza kabati la kioo. Niliwaza uso wa Anselim.

Kung'oa kulinichukua saa mbili kwa panga na mikono, kwani jembe lilikuwa kwa Agnella. Kilikuwa kimezama kuliko nilivyotegemea, na chini kilishindiliwa mawe. Nilikibeba begani, nikipumzika kila hatua ishirini. Karibu na kwa Mayunga nilikutana naye mwenyewe. Nikamwambia ni mali ya serikali. Akasema pole kwa kazi. Nimekilaza nyuma ya pikapu, nikakifunika kwa turubai na magunia.

Agnella na Sayi walirudi jua linazama. Agnella alikuwa na matope hadi magotini na mikwaruzo mikononi. Chokaa ilikuwa bado imefungwa. Alikaa kwenye kigoda, hata maji hakuomba. Nikamuuliza ana nini.

Akasema, “Nyasi zimenishinda, Baba Rosa. Sijaliona kaburi la baba.”

Nikauliza baba yupi.

Naye, akiwa amechoka, hakusikia vizuri swali langu, nashukuru. Aliendelea kumweleza Sayi. Kwamba baba yake, mzee Kassian, alikuwa mvushaji wa Lupunga. Kwamba aliwavusha watu kwa mtumbwi miaka thelathini, na mtumbwi wake aliufunga kwenye bomba moja la chuma pale gatini. Kwamba alipokufa, mwaka 1968, walilihamisha bomba wakamsimikia kichwani, na Jofrey akiwa na miaka kumi na miwili akachonga herufi ya kwanza ya jina lake. Hajafika tangu 1974. Ameniomba mara ngapi nimlete. Hakukasirika alipolisema hilo. Alinigeukia akasema Mungu anibariki kwa kukumbuka.

Pikapu ilikuwa hatua sita kutoka kwenye kigoda chake.

Nilijua kwamba Agnella ni mtu wa mtoni. Mimi nilimwoa kwa shangazi yake Ifakara, na mama mkwe nilimfahamu akiwa Lupiro. Baba mkwe alikufa kabla sijafika kuposa. Labda aliniambia zaidi. Kuna mambo mtu huambiwa wakati anasahihisha madaftari.


Jumapili, 11 Juni

Wamekwenda tena kutafuta, tangu asubuhi. Mimi nimebaki kwa sababu ya jicho.

Nimefikiria kumweleza ukweli. Nimefikiria mara mbili. Lakini ni wiki ya jubilei, na ukweli ungemharibia.

Nimefikiria kukirudisha mara moja, lakini wao wako hukohuko kwenye nyasi. Nimekaa juu ya turubai siku nzima nikilinda. Mayunga amekuja kuuliza kama naumwa. Amenipa maziwa ya mgando. Ni mtu mwema, natamani angekuwa na shughuli nyingi zaidi.

Wamerudi saa kumi. Hawakupata. Agnella hakula. Amesema labda mto umelichukua kaburi. Amelisema polepole, kama anayejizoesha. Nimeona vibaya sana. Nimeona vibaya kiasi kwamba nimepata mpango.

Kesho mapambazuko nitakirudisha. Nitakipanda imara. Kisha nitawaongoza, na mimi ndiye nitakayekiona. Atalia kwa furaha. Mtu mwenye jicho moja ameona kile ambacho macho manne yamekikosa. Kila mtu atapata haki yake, hata baba mkwe.


Jumatatu, 12 Juni

Mpango umekwenda vibaya.

Nilitoka na chuma kulipopambazuka. Shimo langu sikuliona. Nyasi zote zinafanana na jicho halinipi umbali. Jua lilikuwa linapanda, nikasikia kengele za ng'ombe wa Mayunga. Nikachagua mahali penye udongo laini kando ya kichuguu, nikakipanda, nikashindilia kwa miguu, nikatawanya nyasi juu.

Saa tatu nikawaongoza. Mayunga alikuja pia, na fimbo yake na ng'ombe wake. Nilitembeatembea, nikasimama, nikanyoosha kidole. Sikusema kitu. Niliona ukimya unafaa zaidi.

Agnella alikimbia. Sijamwona akikimbia tangu Rosa alipoanguka kwenye baiskeli. Alipiga magoti, akakishika chuma kwa mikono miwili, akaigusa ile K. Nilianza kujisikia vizuri.

Halafu akatazama chini. Akaushika udongo. Ulikuwa mbichi. Akatazama upande wa mto, na mto hauonekani kutoka pale, kwani kichuguu kimeuziba. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba baba yake walimlaza akitazama maji.

Nikasema ardhi husogea. Nikataja mafuriko. Nikataja mchwa.

Hapo Mayunga, bila ubaya wowote, kwa kunisifu, akasema kwamba Mwalimu ana nguvu, juzi alikibeba chuma hiki peke yake mpaka kwenye gari, na leo tena amekirudisha.

Ng'ombe mmoja alikohoa. Sayi akamshika mume wake mkono, wakaondoka.

Agnella alibaki amepiga magoti. Aliniuliza nilikuwa nakipeleka wapi. Nikamwambia. Kabati, Afisa Utamaduni, Kaisari. Nilimwambia yote kwa sababu hakunikatisha. Nilipomaliza alikuwa bado ananitazama.

“Siku mbili nimemtafuta baba yangu,” akasema. “Na wewe ulikuwa umemkalia.”

Nilitaka kusema kwamba nilikaa juu ya turubai, si juu ya chuma chenyewe, lakini hata mimi niliona si wakati wake.

Hakulia, hakupiga kelele. Alikilaza chuma kwenye khanga yake ya mabegani, akakifunika kama mtu anavyomfunika mtoto. Akasema nisikiguse. Nimelala kwenye pikapu.


Jumanne, 13 Juni

Jubilei.

Ameniamsha yeye. Akasema nilete jembe. Tulikwenda wawili tu, tukatafuta shimo kwa mpangilio, bega kwa bega, tangu gatini kwenda juu, hatua kwa hatua. Tulilipata saa nne. Mawe ya kushindilia yalikuwa pembeni, pale nilipoyatupa.

Alinichimbisha. Nilipofika kimo cha goti nikauliza kama inatosha. Akasema baba yake hakuwa mtu wa kimo cha goti. Nikachimba zaidi. Tulikisimika chuma pamoja, yeye akiweka mawe na mimi nikishikilia, herufi ikitazama mto. Akafyeka nyasi zote. Alichanganya chokaa, akapaka chuma na kuzunguka kaburi, mpaka likaonekana jeupe kutoka mbali. Niliomba nipake upande mmoja. Alifikiri, kisha akanipa brashi.

Halafu akakaa chini akazungumza na baba yake. Kindamba, taratibu, kwa muda mrefu. Mimi nilisimama. Nilisikia jina la Rosa, la Jofrey, la mama yake. Mwishoni akageukia Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

“Baba, huyu ndiye yule mwalimu. Miaka ishirini na mitano. Nilitaka umwone akiwa mzuri, lakini ndiyo huyu.”

Jicho langu lilikuwa bado limevimba. Nikasema shikamoo, baba. Sikujua la kufanya na mikono. Nilitoa machozi, ila jicho la kushoto lilikuwa linatoa hata kabla.

Tulikaa pale mpaka jua lilipopinda. Viboko walikuwa wanakoroma kwenye matete. Alivunja kipande cha kiazi alichobeba, akanipa nusu. Nikauliza kama hiyo ina maana amenisamehe. Akasema ina maana ni saa nane na sijala.

Kisha akasema Jofrey ataambiwa, na atakayemwambia ni mimi, mwenyewe, kwa kinywa changu.


Alhamisi, 15 Juni

Tumerudi. Ng'ombe wa Mayunga walitusindikiza mpaka barabarani, tukafuata mivumo. Agnella na Sayi wameagana kama ndugu. Kwenye pantoni bwana wa kuku alikuwepo tena. Alinitambua. Akaenda kusimama upande wa pili.

Kuanzia Minepa nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia Jofrey. Nilitunga matoleo matatu. Katika moja chuma kilikuwa kimeanguka chenyewe. Agnella, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akasema dirishani kwamba hakikuanguka chenyewe. Sijui huwa anajuaje.

Jofrey alikuwa mashineni, mweupe kwa pumba. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, mwisho kwanza, lakini nilimwambia yote. Alizima mashine. Nilitarajia ngumi. Nilikuwa nimeshavua miwani.

Aliuliza sasa kimesimama wapi. Nikasema palepale, kinatazama mto, na kimepakwa chokaa. Aliuliza kama herufi bado inasomeka. Nikasema inasomeka.

“Nilitaka kuandika jina lote, shemeji,” akasema. “Patasi ikavunjika kwenye herufi ya kwanza. Mama akasema inatosha, mto unamjua.”

Akageuka akawa anakagua tairi kwa muda mrefu. Agnella alikwenda kusimama karibu naye. Mimi nilibaki na mlango wa gari. Aliporudi alikuwa amenyoosha mkono, nikampa wangu. Kumbe alikuwa anataka funguo.

Amesema kila mwaka tarehe kumi na tatu tutakwenda wote kufyeka, na ataendesha yeye.

Halafu akaona tope lililokauka kwenye milango. Hapo ndipo aliponifokea.


Jumapili, 18 Juni

Jicho limefunguka. Naona vizuri.

Agnella ni mzima. Ni mzima kuliko nilivyomwona miaka mingi. Mchana wote amekaa na Digna kibarazani akimsimulia Lupunga, mtumbwi, Sayi, kaburi jeupe, na mimi. Sehemu yangu ilikuwa ndefu. Digna alicheka mpaka akajishika ubavu. Mawimbi hayakutajwa hata mara moja. Kwa hesabu hiyo naweza kusema tumemshinda Anselim.

Mimi nimebadilika. Nilipokuwa napaka kaburi chokaa niliapa kwamba sitagusa tena kitu cha kale bila kuuliza ni cha nani.

Leo baada ya misa nilipitia kwa kinyozi. Wakati ananinyoa alisema kwamba kule Kisawasawa, chini ya mlima, mkulima mmoja amefukua gurudumu kubwa la chuma lenye meno katika shamba lake la mihogo. Nikamuuliza ni la nani. Akasema hakuna anayejua. Nikauliza kama kuna kaburi karibu. Akasema hajasikia. Nimeuliza mara mbili, wembe ukiwa shingoni, ili kutimiza kiapo.

Gurudumu la chuma lenye meno. Wajerumani walikuwa na mitambo.

Jioni nimemwambia Agnella kwamba amechoka, na kwamba hewa ya milimani inasaidia sana mgongo. Alikuwa anakunja nguo. Akauliza milima ipi. Nikasema upande wa Kisawasawa, kwa mfano. Akauliza Kisawasawa kuna nini. Nikasema hewa. Aliniangalia kwa muda, akaendelea kukunja. Nimelichukulia kama ndiyo.

Jofrey hatatoa gari, kwa hiyo kesho nitamwomba Anselim baiskeli yake. Ina kerea imara ya nyuma, ya kubebea gunia, ambayo yangu haina. Nitampakiza Agnella kwenda huko. Bado sijapata maneno ya kumweleza kwamba wakati wa kurudi kerea itakuwa na mzigo mwingine.